Pikipiki ya Magurudumu Manne Ikichemsha, Tuanze na Feni

Tunapopanda Uluguru kuelekea Nyandira, tunatumia gia ndogo na mwendo mdogo. Upepo unaopita kwenye rejeta ni kidogo, hivyo tunategemea feni.

Injini ikichemsha, tuizime na kusubiri ipoe. Tusifungue mfuniko wa rejeta ikiwa ya moto, maji yataunguza. Ikishapoa, tuoshe tope kwenye rejeta, tuongeze maji, kisha tukague fyuzi.

Halafu tuunganishe feni moja kwa moja na betri. Ikizunguka, hitilafu iko kwenye waya, relei au sensa ya joto. Isipozunguka, tuangalie kama imebanwa na tope. La sivyo, mota yake imekufa.

Tusilazimishe safari. Feni hubadilishwa kwa gharama ndogo. Injini ikiungua, huduma vijijini husimama.