Lada za Addis Ababa

Dereva alisema atanifuata saa moja, nami sikuwa na haja ya kumuuliza saa moja ya nani. Waethiopia huhesabu saa tangu jua linapochomoza, kama Waswahili. Mgeni aliyetoka Ulaya huchanganyikiwa na hesabu hiyo siku nzima, lakini mtu wa Tanga au Lamu hujiona yuko kwao. Kabla saa moja haijagonga nilisikia mngurumo ukipanda kilima cha Piassa, mzito, wenye kukohoa kila gia inapobadilishwa. Kisha Lada ikatokeza kwenye ukungu: chini buluu, juu nyeupe, taa za mbele za mviringo, bampa la chuma lililong'aa upande mmoja tu.

Mlango wa abiria haukufunguka kwa nje. Dereva, mzee wa makamo ambaye vijana wa pale walimwita "Gashe", jina la heshima wanalompa mwanamume aliyewazidi umri, alijinyoosha kutoka kwenye usukani akaufungua kwa ndani. Mpini wa kushushia kioo haukuwepo mahali pake. Ulikuwa ndani ya kishubaka mbele yangu, mmoja kwa milango yote minne: ukitaka hewa unauchukua, unaupachika, unazungusha, unaurudisha. Juu ya dashibodi kulitandikwa kitambaa chekundu chenye manyoya, na katikati yake picha ya Bikira Maria. Chuma cha mlango nilikigonga kwa vidole. Ni kinene kweli, hakilii kama debe.

Unene huo una historia. Mwaka 1966 serikali ya Kisovieti ilipatana na kampuni ya Fiat ya Italia ijengewe kiwanda cha magari kando ya mto Volga, katika mji uliopewa jina la Togliatti, mkomunisti wa Kiitalia. Gari lililochukuliwa kuwa mfano lilikuwa Fiat 124, gari jepesi la barabara nzuri. Wahandisi walipolijaribu kwenye njia za Urusi lilishindwa, wakalifanyia mabadiliko zaidi ya 800. Bati liliongezwa unene, tumbo likainuliwa kutoka ardhini, breki za nyuma za diski zikabadilishwa zikawa za ngoma ili tope na kokoto zisizile upesi. Hata tundu la kutia hendeli waliliacha, ili betri ikizimika kwenye theluji mtu awashe injini kwa nguvu za mkono. Gari la kwanza lilitoka mwaka 1970, na hadi uzalishaji wa ukoo huo ulipokoma Urusi mwaka 2012 yalikuwa yametengenezwa zaidi ya milioni 17.

Ethiopia ilizipata Lada kwa njia ya siasa. Mwaka 1974 wanajeshi walimwondoa Mfalme Haile Selassie, na utawala wao, Derg, ukaegemea Moscow, hasa baada ya vita vya Ogaden vya 1977 na 1978. Silaha zilikuja, wataalamu wakaja, vijana wakapelekwa kusoma Urusi, na magari nayo yakafuata. Kabla ya hapo teksi za Addis zilikuwa vigari vidogo vya Fiat, Seicento, na bado wazee wanavitaja kwa upendo. Derg ilianguka mwaka 1991, na miezi michache baadaye Muungano wa Kisovieti wenyewe ukavunjika. Lada zikabaki barabarani.

Kwa nini zilibaki? Wengi hujibu haraka kwamba ni umaskini. Mimi naona jibu hilo halitoshi, nalo linawanyima mafundi haki yao.

Sikiliza kwanza lugha ya gereji. Kiamhari huita gari mekina, tairi goma, plagi kandela, klachi frizion. Maneno yote hayo ni ya Kiitalia, yaliyoota mizizi kutokana na Waitalia waliofanya kazi za ufundi huko na utawala wao wa kijeshi wa 1936 hadi 1941. Basi Lada ilipowasili na jina la Kirusi, fundi wa Addis alifungua boneti akakuta ndani yake kitu anachokijua: ukoo wa Fiat, vyuma vilivyokwisha kuwa na majina mdomoni mwake. Hakuhitaji shule mpya. Alihitaji spana.

Kodi nayo ilifanya kazi yake. Kwa miaka mingi ushuru wa kuingiza gari Ethiopia, kodi moja ikipandishwa juu ya nyingine, umeweza kufanya gari liuzwe zaidi ya mara mbili ya bei liliponunuliwa ng'ambo. Sisi Waswahili tulizoea kuagiza gari lililotumika kutoka Japani na kulipokea bandarini baada ya wiki chache. Huko Ethiopia mwalimu au karani hawezi hata kuliwaza hilo. Gari halitupwi. Baba huliacha kwa mwana, na familia nzima hula kwa Lada moja.

Spea hutafutwa Merkato, soko linalohesabiwa miongoni mwa makubwa kabisa barani Afrika, katika mtaa wa Somale Tera. Nilikwenda huko siku ya pili na Gashe, naye akitafuta kabureta. Magari mazima yamegawanywa kama ng'ombe buchani: huku milango imepangwa wima, kule rejeta, pembeni lundo la stata zenye mafuta meusi. Fundi kijana aliipokea kabureta ya zamani, akaifungua juu ya kipande cha gazeti, akatoa jeti, kile kijitundu cha shaba kinachopimia petroli. Alikinyanyua kuelekea jua, akafumba jicho moja, akapuliza kwa mdomo, akakitazama tena. Kisha akatafuta kwenye kopo jingine kilicho chembamba zaidi. Gashe alinieleza sababu: Addis iko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyembamba, na petroli ikiachwa iingie kwa kipimo cha kiwandani injini hukosa pumzi na plagi huwa nyeusi kwa masizi. Kijana yule hakuwa na mashine ya kupimia. Alikuwa na jicho, pumzi na kopo la jeti, na kabureta ilipofungwa gari liliwaka mara ya kwanza. Ufundi wa namna hiyo ninauheshimu sana, kwa sababu nimeukosa kwetu tangu Peugeot 504 zilipopungua barabarani.

Abiria wa kawaida wa Addis hupanda daladala za Toyota HiAce, nazo ni buluu na nyeupe vilevile, na weyala, yaani kondakta, akiita njia kichwa kikiwa nje ya mlango. Lada ni kontrat: unaikodi wewe peke yako na kupatana bei kabla hujaketi. Mama mwenye mgonjwa, bibi harusi na mashoga zake, mfanyabiashara mwenye mbuzi wa sikukuu kwenye buti, hao ndio wateja wake.

Lakini siku zake zinahesabika, na hilo halifichiki. Kwanza zilikuja Lifan za Kichina, kisha teksi za kuitwa kwa simu. Mwaka 2024 serikali ilipiga marufuku kuingiza magari madogo ya petroli na dizeli, ikitaka watu wanunue ya umeme. Sababu zake zina uzito: mafuta yote hununuliwa nje kwa fedha za kigeni ambazo hazitoshi, ilhali umeme wa maji upo, na bwawa kubwa la Mto Abbay, ambao sisi tunauita Nile ya Buluu, lilizinduliwa mwaka 2025. Mwaka huohuo wa marufuku, sehemu za Piassa ya kale zilibomolewa kupanua barabara. Moshi wa Lada unakera koo, sitaki kuupamba. Ninachokiombea ni kwamba yule kijana wa Somale Tera afundishwe kufungua mota ya umeme kwa uhuru uleule aliofungulia kabureta, asiishie kuwa mtu wa kubadilisha maboksi yaliyozibwa kiwandani.

Asubuhi ile ya kwanza safari yetu ilikuwa ya Entoto, mlima wa kaskazini ambako Menelik wa Pili alitawazwa mwaka 1889 katika kanisa la Maryam. Tulipita Sidist Kilo, tukapita maduka ya vitambaa vyeupe vya Shiro Meda, kisha barabara ikasimama wima kati ya mikalitusi. Wanawake walikuwa wakishuka wameinama chini ya mizigo ya kuni mirefu kuliko wao. Mshale wa joto ulipoanza kupanda, Gashe alifungua hita. Hewa ya moto ilitujaa magotini, na mshale ukarudi chini taratibu: hita iliyotengenezwa kwa baridi ya Urusi ilikuwa inaisaidia rejeta kupoza injini. Tulipanda kwa gia ya kwanza na ya pili, hadi zaidi ya mita 3,000, bila kusimama hata mara moja.

Juu kule Gashe hakuegesha uwanjani pamoja na magari mengine. Aliligeuza gari likatazama mteremko, akaweka jiwe mbele ya gurudumu. Stata ilikuwa imeanza kuchoka, alisema, na nyingine angeinunua baada ya mfungo. Nilipotoka kanisani alilipiga jiwe teke, akaruka ndani, akaliachia gari liteleze kimya mita kama ishirini, akatia gia ya pili na kuachia klachi. Lada ikashtuka, ikakohoa, ikaunguruma. Aliningojea kwenye kona, mlango wangu ameshaufungua kwa ndani.