Faini za barabarani: Kibaha zinamuumiza dereva, Kisarawe zinamfuata mkulima

WENYE magari na madereva wa Kibaha na Kisarawe wanalalamikia kitu kimoja, faini za trafiki. Lakini ukizifuatilia fedha zenyewe hadi mfukoni, utakuta wanaoumia ni watu tofauti.

Tuanze na viwango. Hadi mwaka 2011 kosa moja la kuandikiwa barabarani lilikuwa Sh. 20,000. Katika bajeti ya mwaka huo Serikali ilipendekeza Sh. 50,000, kelele zikawa nyingi ndani na nje ya Bunge, na mwisho ikawa Sh. 30,000. Mwaka 2021 Waziri wa Fedha, Dk. Mwigulu Nchemba, alitangaza katika hotuba ya bajeti kwamba pikipiki na bajaji zishushwe kutoka Sh. 30,000 hadi Sh. 10,000 kwa kosa. Magari hayakuguswa.

Mchumi atasema faini hiyo imekuwa ikishuka, kwa kuwa Sh. 30,000 za mwaka 2011 zilikaribia dola 19 na za mwaka 2021 zilikuwa kama dola 13. Ni kweli, ila dereva wa Mlandizi hapokei dola.

Kibaha iko kwenye Barabara ya Morogoro, na kipande cha Kimara hadi Kibaha, kilomita 19.2, kimepanuliwa kuwa njia nane. Barabara pana inamwita dereva akanyage mafuta, wakati kibao cha 50 na tochi ya trafiki vinamngoja mbele. Anapoandikiwa hawezi kumwongezea abiria nauli, maana nauli hupangwa na LATRA, kama ilivyokuwa enzi za SUMATRA kabla ya mwaka 2019. Tajiri naye anataka hesabu yake jioni ikiwa kamili. Kilichobaki ni posho ya dereva na kondakta, na faini inakatwa humo. Wenye mikataba ya ajira wangeweza angalau kubishana juu ya nani alipe; mikataba hiyo ilikuwa moja ya madai ya madereva walipogoma nchi nzima Aprili 2015.

Tajiri naye ana kilio chake. Tangu mashine zichukue nafasi ya vitabu vya risiti, deni linasomeka kwa namba ya gari. Dereva wa deiwaka aliyelisababisha anaweza kuwa ameshahamia gari jingine, na deni likicheleweshwa linaongezeka.

Kisarawe mambo ni mengine. Kule kinachosafiri kwenda Pugu, Gongo la Mboto na masoko mengine ya Dar es Salaam ni muhogo na mkaa, na bei ya kusafirisha mzigo haipangwi na mamlaka yoyote. Ni maelewano. Mwenye Canter anajua njiani anaweza kuandikiwa, kwa hiyo anaiweka faini ndani ya bei kabla hajawasha injini. Tuchukue mfano wa magunia 40: faini moja ni Sh. 750 kwa kila gunia. Pikapu ya magunia 10 inabeba Sh. 3,000 kwa gunia. Mnunuzi wa mjini hakubali kuongezewa, hivyo fedha hizo zinakatwa kwenye bei anayopewa mkulima wa Maneromango au Mzenga, mtu ambaye huenda hajawahi kushika usukani.

Hesabu hiyo ina ubaya mwingine. Canter ile ikipakia magunia 50, faini inashuka hadi Sh. 600 kwa gunia. Yaani anayezidisha mzigo ndiye anayeimudu faini vizuri zaidi, mpaka akutane na mizani. Punguzo la bodaboda la mwaka 2021 lilikubali kwamba chombo kidogo hakiwezi kulipa sawa na basi. Kwa nini pikapu ya magunia 10 iendelee kuwekwa kapu moja na basi la abiria 60, hilo bado halijaelezwa kwa mantiki ya biashara.

Si kila mtumiaji wa barabara anazilalamikia faini hizi. Abiria anayebanwa mlangoni, au mama anayevuka na watoto Maili Moja, angependa ziwe kali zaidi, na hospitali ya Tumbi, inayopokea majeruhi wa barabara hiyo, ni sababu ya kutosha. Ila karatasi ikiwa ghali mno, pande zote mbili hupata kishawishi cha kumalizana bila karatasi.

Dereva asiyekubali kosa ana haki ya kukataa kulipa papo hapo na kupelekwa mahakamani. Wachache huitumia. Gari likilala siku moja, hakuna wa kumrudishia tajiri hesabu ya siku hiyo, na muhogo ulio ndani unaanza kuharibika.