Mashindano ya Ngano na Jalidi

Mtu aliyelelewa katika nchi ambazo mwaka huhesabiwa kwa masika na vuli, ambako mchana na usiku hukaribia kulingana siku zote na mkulima hana amtazamiaye ila mvua, aghalabu hudhani kwamba katika nchi za kaskazini ya mbali kilimo huzuiwa na ukali wa baridi. Dhana hiyo ni kweli nusu. Baridi ya Januari katika mbuga za Saskatchewan, nchini Kanada, ambayo huweza kushuka hata digrii 40 chini ya sifuri, haimdhuru mkulima apandaye ngano yake baada ya theluji kuyeyuka, kwa sababu wakati huo shamba lake ni tupu na mbegu yake imo ghalani. Hasimu wake hasa ni ufupi wa wakati. Jalidi ya mwisho humuaga katika mwezi wa Mei, na ya kwanza huweza kumrudia Agosti ikielekea ukingoni au Septemba ikianza, na baina ya kuaga na kurudi huko hupata yapata siku 100 za kupanda, kungoja na kuvuna.

Punje ya ngano, kabla ya kukauka na kuwa ngumu, hupitia hali ya ulaini ambapo ndani yake mna utomvu mweupe kama maziwa, na hiyo ndiyo saa yake ya hatari. Jalidi ikiikuta katika hali hiyo, punje husinyaa, ngozi yake hukunjamana, unga wake hupungua na mkate wake haufuri. Na mnunuzi, ambaye jasho la mkulima si hesabu yake, huishusha daraja na kuipunguza bei. Kwa hiyo juma moja katika nchi hiyo laweza kuwa ndilo litenganishalo shibe na deni. Lakini kaskazini ina fidia yake: karibu na tarehe 21 Juni jua hukaa juu ya upeo wa macho kwa muda wa saa 16 na zaidi, na ngano, ambayo ni mmea wa mchana mrefu, huharakishwa na mwanga huo kutoa masuke. Basi suala lililowakabili wataalamu lilikuwa hili: ni mbegu gani iwezayo kuutumia mwanga mwingi wa siku chache hata ikaiva kabla ya jalidi kurejea, pasipo kuuharibu mkate?

Mbegu iliyotawala mbuga hizo kuelekea mwisho wa karne ya 19 iliitwa Red Fife, kwa jina la David Fife, mkulima wa Ontario mzaliwa wa Uskoti, ambaye mwaka 1842 alipelekewa na rafiki yake wa Glasgow kiasi kidogo cha ngano iliyotoka katika merikebu ya Danzig. Alipoipanda, mmea mmoja tu ulifika kuiva, na husimuliwa kwamba hata huo nusura uliwe na ng'ombe, lau si mke wa Fife kuuokoa. Kutokana na masuke machache ya mmea huo ilienea ngano nyekundu, ngumu, ambayo unga wake ulisifiwa na wenye vinu wa Amerika na wa Ulaya. Aibu yake ilikuwa moja: ilikawia kuiva, na kadiri walowezi walivyosonga kaskazini na magharibi ndivyo kukawia huko kulivyozidi kuwagharimu.

Mwaka 1886 Bunge la Kanada lilipitisha sheria ya kuanzisha mashamba matano ya majaribio: moja kubwa Ottawa, na mengine Nappan, Brandon, Indian Head na Agassiz, ili kila tabia ya nchi, kutoka pwani ya Atlantiki hata ile ya Pasifiki, iwe na mahali pa kuulizwa maswali. Mkuu wa kwanza wa mashamba hayo alikuwa William Saunders, mzaliwa wa Uingereza, aliyekuwa muuza dawa na ambaye elimu ya mimea na wadudu aliipata kwa bidii yake mwenyewe. Saunders aliamini kwamba dunia ni pana, na kwamba mahali fulani pana mbegu iliyokwisha kuzoea taabu kama ile ya mbuga zake. Kwa hiyo akaagiza ngano kutoka Urusi, Bara Hindi na kwingineko, akazipanda bega kwa bega na kuzihesabia siku.

Mojawapo ya wageni hao ilikuwa Ladoga, ngano iliyotoka karibu na ziwa la jina hilo huko Urusi, kwenye latitudo ya digrii 60 kaskazini. Iliiva mapema kuliko Red Fife, wakulima wakaipokea kwa furaha, na ikadhaniwa kwamba shida imekwisha. Ilipofikishwa kwenye vinu na matanuri, unga wake ulitoka na rangi ya manjano, na mkate wake haukulingana na ule wa Red Fife, wenye vinu wakaikataa. Hapo ilidhihirika kwamba wepesi wa kuiva, ukiwa peke yake, ni nusu ya jawabu. Mkulima huvuna shambani, lakini hulipwa na mtu ambaye hakuliona shamba, na mtaalamu asiyewatazama wote wawili hujisumbua bure.

Ikawa sharti kuunganisha sifa zilizokaa katika mimea mbalimbali. Ua la ngano hujichavusha lenyewe kabla hata ya kufunuka sawasawa, hivyo mwenye kutaka kupandanisha huchukua kibano, akaziondoa stameni za suke moja zikiwa bado changa, kisha akaleta chavua ya suke jingine na kuifunika kazi yake isiingiliwe. Mwaka 1892 mmoja wa wana wa Saunders, jina lake Percy, alipandanisha kwa njia hiyo Red Fife na Hard Red Calcutta, ngano ya Bara Hindi ambayo huwahi kuiva. Lakini kizazi cha mapandano kama hayo hutawanyika: mmoja humfuata baba, mwingine mama, na wengi huwa hawana fadhila ya huyu wala ya yule. Miaka kadhaa mbegu hizo zilikaa zikiwa mchanganyiko, zikimngoja mtu mwenye subira ya kuzitenga.

Mtu huyo alikuwa mwana mwingine wa Saunders, Charles, aliyezaliwa mwaka 1867, daktari wa kemia ambaye moyo wake ulielekea zaidi muziki, na ambaye kwa muda alijipatia riziki kwa kufundisha kuimba. Mwaka 1903 alishika kazi ya nafaka Ottawa. Badala ya kuvuna kwa pamoja, aliyachagua masuke moja moja, akapanda uzao wa kila suke katika mstari wake. Na kwa kuwa punje zilikuwa chache mno kusagwa, aliitumia maabara ambayo kila mtu huzaliwa nayo, yaani kinywa. Alitafuna punje za kila uzao mpaka zikawa donge kama ulimbo, akapima kwa meno na ulimi unamo wake na kwa macho rangi yake, kwani donge hilo ni gluteni, protini ambayo huzuia hewa ya chachu ndani ya kinyunya na kuufanya mkate kufura. Uzao mmoja aliouteua mwaka 1904 uliitwa Marquis.

Hata hivyo Charles Saunders hakuridhika na ushahidi wa meno. Mbegu zilipoongezeka alizisaga katika kinu kidogo, akaoka mikate midogo na kuipima ukubwa. Kisha zikapelekwa Indian Head, huko huko mbugani, zikahukumiwe na jalidi yenyewe. Marquis ilionekana kuiva yapata juma moja kabla ya Red Fife, kuzaa zaidi, na kutoa mkate ambao wenye vinu hawakuwa na la kuulaumu. Mwaka 1909 mbegu zake zikaanza kugawiwa wakulima. Mwaka 1911 Seager Wheeler, mkulima wa Rosthern katika Saskatchewan, akaipeleka kwenye maonyesho ya New York na kushinda zawadi ya dola 1,000 za dhahabu. Na ilipofika mwaka 1920 takriban sehemu tisa kwa kumi za ngano ya magharibi ya Kanada zilikuwa Marquis.

Kuenea huko hakukuwa kwa sudi. Tangu siku za William Saunders mashamba ya majaribio yaliwapelekea wakulima vifuko vya mbegu kwa posta bila malipo, kila mtu akajaribu kidogo katika ardhi yake na kuleta habari ya alichokiona. Na hivyo kila mpokeaji wa kifuko alikuwa mwanafunzi na shahidi kwa pamoja. Baadaye elimu ilipewa magurudumu. Baina ya mwaka 1914 na 1922 lilizunguka katika Saskatchewan treni la kilimo bora, lililoendeshwa kwa ushirika wa serikali ya jimbo, Chuo Kikuu cha Saskatchewan na makampuni ya reli. Lilisimama katika vituo vidogo, ambako ukoo mzima ulifika kwa magari ya farasi. Ndani ya mabehewa wanaume walionyeshwa mifugo bora, mbegu safi na magugu ya kuhadhari. Wanawake walikuwa na behewa lao la masomo ya nyumbani, na watoto wadogo walikuwa na behewa la kutunzwa humo, ili mama asikose elimu kwa sababu ya mtoto. Waliolipanga treni hilo walifahamu jambo ambalo kila bwana shamba hulijua, kwamba mkulima haachi kazi kufuata maarifa, bali maarifa ndiyo yamfuate.

Katika miti ya matunda shauri lilikuwa gumu zaidi, maana mti hauwezi kuwekwa ghalani Januari ipite. Mwaka 1887 William Saunders alipata kutoka bustani ya mimea ya St. Petersburg mbegu za tufaha-mwitu la Siberia, Malus baccata, mti ambao matunda yake ni madogo kama zabibu lakini ambao hustahimili baridi iwezayo kuupasua mtufaha wa Ulaya. Aliupandanisha na mitufaha ya matunda makubwa. Watoto wao waliishi mbugani, ingawa matunda yao yalibaki madogo, ya kufaa zaidi kwa kupikwa kuliko kutafunwa, na ikabidi kuwapandanisha mara ya pili.

Siri ya mti kama huo ni hesabu ya wakati, kama ilivyo kwa ngano. Mchana unapoanza kufupika mwishoni mwa kiangazi, ilhali joto bado lipo, mti mstahimilivu husoma ishara hiyo na kuacha kukua. Na baridi za kwanza zinapofika, huongeza sukari ndani ya seli, hubadili mafuta ya utando wake yasigande, na kuyaachilia maji yatoke taratibu kwenda kuganda baina ya seli, mahali ambapo barafu haiui. Katika ubao wa mtufaha maji mengine hubaki kuwa maji hata kwenye digrii zipatazo 40 chini ya sifuri, kwa kukosa chembe ya kuanzia kuganda. Chini ya hapo huganda kwa ghafula, na seli hufa. Mti ambao asili yake ni mahali pa baridi pole huendelea kuchipuza Septemba, na jalidi huukuta ungali na maji mengi na machipukizi mabichi. Aghalabu huo hufa kwa kuchelewa kulala.

Msomaji asidhani kwamba kila neno lililotoka katika vituo vya majaribio lilikuwa haki ya milele. Mwaka 1885, kwa sababu ya vita vya uasi ulioongozwa na Louis Riel dhidi ya serikali ya Kanada, farasi wengi wa Indian Head walikodiwa na jeshi, na mashamba yaliyokwisha kulimwa yakakosa kupandwa. Mwaka uliofuata ukame ulipokausha kila kitu, mashamba yale yaliyopumzika, ambayo yalikuwa yamehifadhi unyevu, yalizaa. Angus MacKay, msimamizi wa kwanza wa kituo cha Indian Head, aliihubiri hikima hiyo ya kupumzisha ardhi na kuipalilia iwe tupu, nayo iliokoa watu wengi. Lakini katika miaka ya 1930, ukame ulipokuja pamoja na pepo, udongo mtupu uliofanywa laini kwa palizi nyingi ulipeperuka kama vumbi, na vituo vikalazimika kufundisha kinyume: mabua yaachwe juu ya ardhi yaushike udongo.

Marquis nayo ilipata hasimu wake. Kutu ya shina, ambayo ni kuvu wa rangi ya matofali, haihimili majira ya baridi ya mbuga hizo, bali kila kiangazi vumbi lake la uzazi hupeperushwa na upepo kutoka kusini. Mwaka 1916 iliyaangamiza mashamba mengi ya Marquis, na kwa ajili hiyo maabara maalumu ya kutu ilifunguliwa Winnipeg mwaka 1925. Thatcher, ngano iliyotolewa na Chuo Kikuu cha Minnesota mwaka 1934, yenye damu ya Marquis ndani yake, ilisimama mwaka 1935 wakati kutu ilipoikausha Marquis.

Vita hivyo vimeufikia hata mlango wa Afrika Mashariki. Mwaka 1998 nchini Uganda iligunduliwa aina ya kutu ya shina, iliyokuja kuitwa Ug99, ambayo ilizishinda kinga zilizotegemewa katika sehemu nyingi za dunia. Ikaingia Kenya, ikavuka hadi Ethiopia. Tangu hapo kituo cha utafiti cha Njoro, katika Bonde la Ufa, kimekuwa mahali ambapo ngano za nchi nyingi, zile za Kanada na Marekani zikiwa miongoni, hupandwa makusudi zikabiliane na kutu hiyo kabla haijazifikia kwao. Mtafiti wa Kanada, ambaye shamba lake liko chini ya theluji, hungoja kwa hamu habari ya mistari iliyopandwa karibu na ikweta.

Kwa hiyo thamani ya kituo cha utafiti haipimwi kwa mbegu moja iliyopata sifa, ingawa Marquis ilistahili sifa zake na Charles Saunders alistahili cheo cha Sir alichopewa mwaka 1934. Kutu hubadilika, pepo hubadilika, na wenye vinu hubadili matakwa. Ushauri uliookoa kizazi kimoja huweza kukidhuru kinachofuata. Nchi iliyopata mbegu bora kisha ikafunga maabara yake na kuwapunguza mabwana shamba wake kwa kudhani kazi imekwisha, iwe ya theluji au ya minazi, imekula mbegu yake ya mwaka ujao.