Leza si ghali, ukungu ndio ghali

Anayetaka kufikisha intaneti ya kasi kwenye kata kama Daa, wilayani Karatu, ana njia tatu: kuchimba mtaro na kulaza mkongo, kusimamisha minara ya redio, au kurusha mwale wa leza kutoka kilima hadi kilima. Njia hii ya tatu haihitaji mtaro, na tarakimu zake zinavutia. Ila uamuzi wa kuinunua hautegemei kasi ya leza.

Kipimo cha Mto Kongo

Mwaka 2021, mradi wa Taara wa kampuni ya Alphabet ulitangaza matokeo ya kuunganisha Brazzaville na Kinshasa kwa leza. Miji hiyo inatazamana, kilomita 4.8 tu juu ya maji, lakini mkongo ungelazimika kuzunguka zaidi ya kilomita 400, na intaneti ya Kinshasa ilikuwa ghali hadi mara 5 kuliko ya ng'ambo. Mtambo una uwezo wa gigabiti 20 kwa sekunde. Kwa siku 20 ulipitisha karibu terabaiti 700, ukiwa hewani asilimia 99.9 ya muda.

Tugawanye: terabaiti 700 kwa siku 20 ni wastani wa gigabiti 3.2 kwa sekunde, yaani asilimia 16 tu ya uwezo. Kwa uwezo kamili, kaya 1,000 zikitumia kwa pamoja, kila moja ingepata megabiti 20.

Gharama iko wapi

Gharama ya mkongo huongezeka kwa kila kilomita. Gharama ya leza hukaa kwenye ncha mbili: mtambo huku, mtambo kule. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, jozi ya mitambo ina bei sawa na kilomita 3 za mtaro: kwa kilomita 2 utachagua mkongo, kwa kilomita 15 za mabonde na makorongo utachagua leza.

Chanzo chenyewe cha mwanga si mzigo mkubwa. Leza za nusu-kipitishi huzalishwa kwa maelfu kwenye kisahani kimoja, na biashara ya mkongo imeshashusha bei yake. Mwanga wake huongezwa na kupunguzwa mabilioni ya mara kwa sekunde, wakati taa nyeupe ya LED ya kawaida hukwama kwenye mamilioni machache. Fedha huishia kwenye kulenga. Mwale wa nanomita 1,550 unaoanza na upana wa sentimita 2 huwa na upana wa takribani mita 2 baada ya kilomita 20. Mnara ukipinda nyuzi 0.003, kitovu cha mwale kimehama mita nzima. Ndiyo maana mwaka 2025 Taara ilionyesha chipu ya ukubwa wa ukucha inayogeuza mwale bila vioo vya kuzungushwa: inapunguza gharama ya kulenga.

Hesabu ya ukungu

Kreta ya Ngorongoro, jirani na Karatu, ina upana wa kama kilomita 19, ndani ya kilomita 20 ambazo mtambo wa Taara unadaiwa kufika. Kwenye ramani, ukingo hadi ukingo unawezekana. Lakini ukingo huo, mita zaidi ya 2,200 juu ya usawa wa bahari, mara nyingi huamka umefunikwa na ukungu.

Ndani ya mkongo, baada ya kilomita 20 hubaki kama asilimia 40 ya mwanga. Hewani, pale macho yanapokomea mita 500, kila mita 500 huacha takribani asilimia 2. Baada ya kilomita 2 tu, hubaki sehemu 1 kati ya milioni 6.

Je, tuongeze nguvu ya leza? Ukiizidisha mara 100, katika ukungu huo unapata chini ya mita 600 za ziada. Isitoshe, usalama wa macho unaweka ukomo. Maendeleo ya leza yananunua kasi, ukungu hauyajali.

Posho ya saa 8.76

Asilimia 99.9 kwa mwaka inaruhusu saa 8.76 za kukatika. Asubuhi tatu zenye ukungu wa saa tatu zinaimaliza posho yote. Kwa hiyo ukingoni leza haiwezi kusimama peke yake: inahitaji redio ya akiba, ambayo hupenya ukungu vizuri zaidi ingawa kwa kasi ndogo, na bei ya redio hiyo lazima iingie kwenye hesabu tangu mwanzo.

Upande wa Mang'ola na Ziwa Eyasi, bonde kavu la wakulima wa vitunguu, hesabu ina nafuu zaidi. Kabla ya kuagiza mtambo wowote, mhandisi aandike kwa mwaka mmoja saa ambazo kilima cha pili hakionekani. Daftari hilo ndilo litakaloamua kati ya Mang'ola, Daa na ukingoni.