Mlango wa Gari Kuukuu Haufungwi kwa Kubamizwa

Juma hili tuzungumzie mlango wa gari kuukuu, ule usiofunga mpaka ubamizwe mara tatu. Wapo wenzetu wanaozitunza kwa mapenzi makubwa zile Volkswagen zenye umbo la kobe, ambazo ya mwisho ilitoka kiwandani Meksiko mwaka 2003. Injini huwa safi na rangi inang'aa, lakini mlango umefungwa kwa kamba.

Jambo hili si dogo. Katika miaka ya 1950 watafiti wa Marekani walibaini kuwa kutupwa nje ya gari mlango unapofunguka ni sababu kubwa ya vifo vya ajalini. Kampuni ya Ford ikaweka vitasa vya usalama katika magari yake ya mwaka 1956. Kitasa, basi, hakipo kwa ajili ya mwizi tu. Kipo pia ili mtoto aliyeegemea mlango asiangukie barabarani.

Mlango ukisumbua, wengi hukimbilia kununua kitasa kipya. Anza na bawaba. Fungua mlango nusu, ushike kwenye ncha, uunyanyue na kuushusha. Ukicheza, pini za bawaba zimelika na mlango umelala. Badilisha pini kwanza, huku mlango umeegemezwa juu ya kitu imara, la sivyo kazi nyingine yote ni bure.

Pili, tazama bamba la chuma lililo kwenye nguzo ya bodi, linalopokea ulimi wa kitasa. Zungushia alama ya penseli, legeza skrubu zake kidogo, lisogeze kiasi cha unene wa kucha, kaza, kisha jaribu. Kama raba yake imekwisha, weka nyingine, maana ndiyo izuiayo mlango kugongagonga.

Tatu, kitasa chenyewe. Kitoe, kioshe kwa mafuta ya taa na brashi mpaka grisi ya zamani iliyoganda itoke. Springi iliyochoka ibadilishwe. Ulimi uliolika kidogo fundi aweza kuujazia kwa kuchomelea na kuusawazisha kwa tupa, lakini springi zitolewe kwanza, kwani moto huziua nguvu. Ukiwa umelika sana au una ufa, tafuta kitasa kingine kizima.

Ukishakirudisha, usifunge mlango upesi. Ukiwa bado wazi, sukuma ulimi kwa bisibisi, vuta mkono wa mlango, uone kama unakwenda na kurudi bila kukwama. Kitasa kikikwama mlango ukiwa umefungwa, kukifikia ni taabu tupu.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kila unapoubamiza mlango, unazidi kula pini, bamba na ulimi kwa pamoja. Kamba iachieni mizigo, mlango upelekeni kwa fundi.

Hadi juma lijalo, kwaherini.