Rangi, Mpako au Utando? Istilahi za Naitridi za Metali za Mpito na Mafundi wa Njombe na Makambako

1.0 Utangulizi

Tangu TUKI ilipochapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, mjadala wa istilahi za sayansi umejikita zaidi darasani. Makala haya yanauhamishia dukani. Katika maduka ya vifaa vya ujenzi ya Njombe na Makambako, kama kwingineko nchini, huuzwa ncha za keekee zenye rangi ya dhahabu, na husemwa kuwa "zimepakwa rangi". Usemi huo unaeleweka upesi, lakini unapotosha. Kitu hicho ni naitridi ya titani, kampaundi ya titani na nitrojeni, na udhahabu wake ni sifa ya kampaundi yenyewe, kama wekundu ulivyo sifa ya shaba.

Jambo hili lina uzito wa pekee Njombe. Mkoa huo, ulioanzishwa mwaka 2012, ndio wenye mashapo ya chuma ya Liganga, wilayani Ludewa, ambayo yana titani na vanadi pia. Metali zote mbili ni za mpito, na zote huunda naitridi ngumu.

2.0 Sifa na majina yake

Safu inayozungumziwa huwa na unene wa mikroni 1 hadi 5 hivi. Ugumu wake ni zaidi ya mara mbili ya ule wa chuma cha keekee kilichoibeba, na huyeyuka karibu na nyuzi 2,950 za Selsiasi. Ajabu ni kwamba, pamoja na ugumu huo unaokaribia wa kauri, hupitisha umeme kama metali.

Kitenzi *paka* humdai mtendaji mwenye brashi na kitu cha majimaji kitakachokauka. Hapa hakuna kimoja wala kingine. Ndani ya chumba kisicho na hewa, atomu za titani hung'olewa kutoka kwenye kipande cha metali, hukutana na nitrojeni kidogo iliyoingizwa humo, kisha hutua juu ya chuma na kujijenga kuwa fuwele. Kwa hiyo *mpako* nao hautufai sana. *Filamu* imekwisha kutwaliwa na sinema. Tunapendelea *utando*, kutokana na *tanda*: wingu hutanda, na maziwa yaliyopoa hufanya utando bila kupakwa na mtu. Isitoshe, *tandaza* linatupatia kitenzi cha kazi ya mhandisi.

*Aloi* ina matatizo yake. Wengi huielewa kuwa metali zilizoyeyushwa pamoja. Katika aloi za naitridi, alumini huchukua baadhi ya nafasi za titani ndani ya fuwele, ilhali nitrojeni hubaki mahali pake. Naitridi ya titani peke yake huanza kuungana na oksijeni kwenye nyuzi 500 hadi 550 hivi. Ikitiwa alumini ya kutosha huweza kustahimili hadi karibu nyuzi 800, kwa kuwa oksidi ya alumini hujitanda juu na kuikinga. Lakini alumini ikizidi takriban theluthi mbili ya metali yote, umbo la fuwele hubadilika na ugumu hushuka. Neno *mchanganyiko*, linalodokeza kwamba kila kipimo kinafaa, halielezi hilo. Vanadi ina tabia nyingine: oksidi yake hulainika kwa joto na kupunguza msuguano.

3.0 Jina na uamuzi wa fundi

Makambako ni njia panda: reli ya TAZARA, barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Tunduma, na ile iendayo Njombe na Songea. Fundi atobowaye chuma cha lori hapo akiinoa ncha yake kwenye jiwe, dhahabu hutoweka penye makali. Aliyeambiwa ni rangi atadhani amepoteza urembo tu, kumbe amepoteza kinga ya sehemu iliyonolewa. Ile iliyosalia kwenye mifereji ya ncha bado husaidia kutoa machicha ya chuma. Kinyume chake, udhahabu peke yake si ushahidi wa naitridi, maana vitu vingi vyaweza kufanywa vya rangi hiyo. Na utando wenye alumini nyingi, unaostahimili joto zaidi, huwa wa zambarau iliyofifia au kijivu cheusi. Mnunuzi anayeongozwa na neno *rangi* ataiacha ncha hiyo rafuni.