Vekta ni nini? Kutoka bango la mpira hadi mbu wa Ifakara

Msikilizaji, mwaka jana nilipeleka nembo ya mashindano yetu ya mpira ikachapishwe kwenye bango la kitambaa la mita tatu. Kwenye simu ilipendeza. Bango lilipotoka, herufi zilikuwa na meno kama msumeno, na hela ilikuwa imeshalipwa. Fundi aliniambia, "Dada, umeniletea picha. Nilihitaji vekta."

Waliosoma hisabati sekondari watalikumbuka neno hilo. Vekta ni namba zilizopangwa kwa utaratibu maalumu. Wataalamu wa malaria huita vekta yule mdudu anayebeba ugonjwa, lakini hapa nazungumzia vekta ya namba.

Kwenye bango

Picha ya simu imeundwa kwa vidoa vidogo vya rangi. Ukiikuza, kompyuta haiongezi kitu kipya, inatanua vidoa vilevile hadi uvione. Nembo ya vekta haihifadhi vidoa, inahifadhi maelezo: duara lianzie hapa, upana wake kiasi hiki, rangi yake kijani. Ukitaka kubwa, kompyuta inapiga hesabu upya na kuchora upya. Ndiyo maana nembo moja inatosha kwenye kadi na kwenye ukuta wa ghala.

Ukimlipa mtu akuchoree nembo ya kikundi au duka, mwambie akupe pia faili la vekta, kwa mfano lenye jina linaloishia na SVG. Litunze. Picha iliyopita WhatsApp mara kadhaa haitoshi kwa bango.

Kwenye kompyuta inayojifunza

Chukua mchele. Sampuli ya kwanza ina punje za urefu wa milimita 7, upana 2, na chenga 10 katika kila 100. Tuandike 7, 2, 10. Ya pili ni 7, 2, 12. Ya tatu ni 5, 3, 30. Hata bila kuuona mchele wenyewe, unajua mbili za kwanza zinakaribiana na ya tatu iko mbali. Kompyuta inayojifunza hufanya hivyo, ila kwa namba mamia au maelfu kwa kila kitu.

Kazi hiyo imefanyika hapa bondeni kwetu. Mwaka 2019 watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Glasgow, Scotland, walichapisha tafiti za kutumia mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho. Mbu aliyekaushwa humulikwa, na mashine huandika kiasi cha mwanga alichofyonza katika kila sehemu ya mwanga huo. Namba hizo kwa mpangilio wake ndizo vekta ya mbu yule. Kompyuta huonyeshwa mbu wengi ambao majibu yao yanajulikana, kisha huulizwa kuhusu mbu mpya: ni wa aina gani, ana umri gani, amenyonya damu ya mtu, ng'ombe, mbuzi au kuku?

Umri una maana kubwa. Kimelea cha malaria huhitaji takriban siku 10 au zaidi ndani ya mbu kabla hajaweza kumwambukiza mtu. Mbu wakifa wangali wachanga, njia tunazotumia kuwaua zinafanya kazi. Wakizeeka, kuna tatizo.

Lakini kompyuta inajua kile tu ilichoonyeshwa. Ikijifunza kwa mbu waliofugwa maabara peke yake, inaweza kukosea kwa mbu wa mashamba ya Mofu. Kwa hiyo mbu wanaokusanywa vijijini mwetu wana thamani katika utafiti huu.

Mashine hiyo haichukui nafasi ya chandarua wala kipimo cha zahanati. Msimu huu ukilala kwenye dungu kulinda mpunga, beba chandarua chako.